Tairi linayumba, linavuja, linagusa fremu: kutafuta kosa kwenye rimu na matairi ya baiskeli ya milimani

Malalamiko ya matairi ya baiskeli ya milimani si mengi, ila yanajirudia mno. Mtu anafika akiwa ameshahukumu: rimu yangu nyembamba, nataka pana. Ukipima upepo unakuta tairi la mbele lina PSI 13 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), kiasi kidogo mno. Ndiyo maana dalili nyingi hapa chini zinaanzia kwenye presha, hata pale inapoonekana haihusiki.

Tafuta kipimo kinachosoma vizuri namba za chini. Kile cha pampu ya mguu kinachofika hadi PSI 160 hakitakuonyesha tofauti ya 20 na 23, na kwenye tairi pana tofauti hiyo unaisikia hadi mikononi. Dole gumba nalo si kipimo. Tairi lenye mashavu (kuta za ubavuni) manene hujifanya limejaa wakati halina kitu.

Kwanza soma namba

Ubavuni mwa tairi kuna ukubwa wa aina mbili: ule wa inchi, mfano 29 x 2.4, na ule wa milimita, mfano 61-622. Uamini wa pili. 61 ni upana wa tairi, 622 ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu. 622 ndiyo inayoitwa inchi 29, 584 ni 27.5, na 559 ni 26 ya baiskeli za milimani. Inchi zinadanganya: yako matairi mengine ya "26" ya baiskeli za kawaida yenye 590, na hayo hayatakaa kwenye rimu ya 559 hata uyabembeleze.

Kwenye rimu, upana unaotakiwa ni wa ndani, kati ya ukuta na ukuta, pale tairi linapokaa. Maandishi kama 622x30 yanamaanisha milimita 30 za ndani. Kama yamefutika, vua tairi upime kwa rula. Wengi hupima kwa nje, na kuta mbili za rimu ya alumini hula kama milimita 5, kwa hiyo anayedhani ana 30 ana 25.

Mahali pazuri pa kuanzia ni hapa: tairi la 2.1 hadi 2.25 kwenye rimu ya ndani 22 hadi 26, la 2.3 hadi 2.5 kwenye 27 hadi 32, la 2.6 kwenye 30 hadi 35, la 2.8 hadi 3.0 kwenye 35 hadi 40. Aliyetengeneza tairi akitaja kiwango tofauti, fuata chake.

Na presha? Mwendeshaji wa kilo 70 hivi, tairi la 2.4 lisilo na tyubu, aanze na PSI 20 hadi 22 mbele na 23 hadi 25 nyuma. Nyuma huzidi kwa sababu ndiko uzito ulikokaa. Ukitumia tyubu ongeza 3 hadi 5. Ukiwa mzito zaidi, ongeza kama 1 kwa kila kilo tano.

"Likilala kwenye kona linayumba kama jeli"

Hili ndilo linaloongoza. Unaingia kona, unalaza baiskeli, tairi linasita kidogo, halafu gurudumu linasogea pembeni kana kwamba limekanyaga ndizi. Hofu inakuja, unashika breki, na kona imekwisha kuharibika.

Mara nyingi ni upepo mdogo. Ongeza PSI 2, rudi kwenye kona ileile kwa mwendo uleule. Ongeza 2 tena. Usiruke kutoka 18 hadi 28, utakuwa umepita jibu bila kuliona.

Kabla ya kulaumu mpira, hakikisha kinachoyumba ni mpira kweli. Nyanyua baiskeli, shika tairi sehemu ya juu, lisukume kushoto na kulia huku mkono mwingine umeshika fremu. Ukisikia mgongano mdogo, kok-kok, hiyo ni beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) au ekseli iliyolegea. Kisha minya spoki mbili mbili kuzunguka gurudumu lote. Iliyolegea utaijua mara moja kwa jinsi inavyokubali. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kubadilisha rimu ya nyuma kutoka 21 kwenda 30 kwa ajili ya kuyumba, nikaihamishia habu ileile ya zamani, na kuyumba kukahamia nayo. Beringi ilikuwa imekwisha. Rimu niliyoitupa haikuwa na hatia yoyote.

Baada ya hapo ndipo upana unapoingia. Tairi la 2.4 kwenye rimu ya ndani ya 19 au 21 linakaa kama balbu ya taa: shingo nyembamba chini, tumbo kubwa juu. Ukiligeuza kona, tumbo linaenda upande mmoja na shingo inabaki. Litazame kwa mbele, usawa wa macho. Kama mashavu yanaingia ndani kwa kasi kuelekea rimu, ndiyo hiyo. Rimu pana hutanua miguu ya tairi, na mashavu husimama wima zaidi, ndiyo maana watu huweza kupunguza upepo bila tairi kuyumba.

Sababu ya mwisho ni tairi lenyewe kuwa jepesi mno. Matairi ya mashindano ya mbio ndefu yana mashavu membamba unayoweza kuyakunja kama kitambaa. Kwenye njia ya mawe yatayumba hata kwenye rimu nzuri.

Ukifika PSI 27 au 28, kuyumba kukaisha lakini tairi likawa linadunda juu ya kila jiwe, basi umethibitisha kwamba upepo unafidia kasoro nyingine. Hata hapo usikimbilie rimu mpya. Jaribu kwanza tairi jembamba kidogo, au upana uleule wenye mashavu mazito. Tairi ni rahisi kubadilisha. Gurudumu linasukwa upya spoki kwa spoki.

Jambo moja linalowachanganya walioongeza upana: kwa presha ileile, tairi nene huwa gumu zaidi kuliko jembamba, kwa sababu mvutano kwenye nyuzi zake unakua pamoja na unene. Ukitoka 2.25 kwenda 2.6 ukabaki na upepo wako wa zamani, utalalamika kwamba tairi pana linarusha. Punguza kidogo kidogo.

"Njia ikiwa nyoofu linashika, nikilaza linaachia ghafla"

Kinyume cha balbu: tairi jembamba kwenye rimu pana, kwa mfano 2.1 kwenye 35. Mgongo wa tairi unakuwa bapa, meno ya pembeni yanapanda juu yanasuguana na ardhi hata ukienda moja kwa moja, na ukilaza sana hakuna jino lililobaki la kushika. Mashavu nayo yanatokeza nje ya meno na kukatwa na mawe. Angalia meno ya pembeni: yakiisha sawa na ya katikati wakati hukati kona nyingi, umepata jibu. Dawa ni tairi pana zaidi. Presha haitasaidia sana hapa. Kama tairi ni kipara, badilisha kabla ya kuchunguza lolote.

Pancha zisizoisha, au rimu inagonga mawe

Toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu, halafu uliulize liko wapi. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kioo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole kitupu, maana mara nyingi bado kimo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, linatoka kwenye tundu la spoki au utepe wa kufunika matundu hayo uliosogea. Hii ya mwisho huwapata waliohamia rimu pana wakabaki na utepe mwembamba wa zamani. Mpasuko kwenye shina la valvu ni tyubu iliyovutwa na tairi linaloteleza kwenye rimu, na utaona valvu imelala upande kabla haijapasuka. Ukiona imelala, toa upepo, isimamishe, jaza upya kwa presha ya kutosha.

Kwa meno ya nyoka, ongeza PSI 2 hadi 3 nyuma. Yakiendelea, tairi lako ni dogo au jepesi kwa uzito wako na njia unazopita. Wenye tyubulesi (matairi yasiyo na tyubu) hawapati meno ya nyoka kwenye tyubu lakini wanayapata kwenye tairi, karibu kabisa na ukingo, na hapo dawa ya kuziba pancha hushindwa mara nyingi. Sponji ya ndani inayozunguka rimu husaidia sana wanaopiga mawe, ingawa kuiingiza ni jasho.

Kagua pia rimu. Bonyeo dogo kwenye ukuta wa alumini linavumilika ukitumia tyubu. Kwa tyubulesi litakuwa mlango wa upepo. Kulinyoosha kwa koleo inawezekana, lakini alumini iliyopinda mara moja haipendi kupindwa mara ya pili. Mpe fundi wa magurudumu. Kama rimu ni ya kaboni na umesikia mlio wa kupasuka, acha kuendesha hapo hapo, hata kama huoni ufa.

Tyubulesi hainyanyuki: unapampu, upepo wote unatoka pembeni

Kabla ya kutafuta kompresa, angalia kama tairi na rimu zote mbili zimetengenezwa kwa tyubulesi. Rimu ya zamani isiyo na kingo ndogo za ndani za kuzuia tairi lisirudi katikati huenda ikajaa leo na kuachia kesho njiani.

Zikiwa sahihi, sababu kubwa ni ukingo wa tairi kuwa umeshakaa bila mpangilio: upande mmoja uko kwenye bonde la katikati ya rimu, mwingine nje. Zungusha mkono, usukume kingo zote mbili hadi zikaribiane na ukuta wa rimu. Paka maji ya sabuni pande zote. Kisha fungua kiini cha valvu ukitoe kabisa, upampu kupitia shina tupu. Upepo unaingia kwa wingi zaidi, na wingi wa ghafla ndio unaohitajika. Tairi jipya lililokuja limekunjwa huwa na makunyanzi. Liwekee tyubu, lijaze, liache hadi kesho yake. Kesho vua upande mmoja tu, toa tyubu, na ule upande mwingine utakuwa tayari umekaa.

Likikubali utasikia: pa! halafu kimya, halafu pa! pa! upande wa pili. Milio hiyo ndiyo ukingo unaopanda mahali pake. Usishangilie bado. Juu kidogo ya rimu, ubavuni mwa tairi, kuna mstari mwembamba unaozunguka. Uufuate kwa macho mzunguko mzima, pande zote mbili. Mahali unapozama chini ya rimu, tairi halijakaa. Toa upepo, paka sabuni pale, jaza tena.

Hapa ndipo watu huumia. Tairi lina kikomo chake cha presha na rimu ina chake; fuata kilicho kidogo, hata kama sehemu moja ya ukingo imekataa kupanda. Rimu zisizo na ndoano (mkunjo wa kushikilia ukingo wa tairi) kwenye kuta zake zinahitaji umakini zaidi, na ni kwa matairi yanayoruhusiwa kwenye rimu hizo tu. Kompresa ya kujazia matairi ya magari inaweza kuvuka kikomo kwa sekunde chache. Vaa miwani, jaza kwa vipindi vifupi, na usiinamishe uso juu ya tairi. Likikataa hata kwenye kikomo, mpelekee fundi.

Limejaa usiku, asubuhi limelala

Tyubulesi kupoteza PSI chache kwa wiki ni kawaida, na tairi jipya huvuja zaidi siku za mwanzo mpaka dawa ya kuziba pancha ienee. Kulala usiku mmoja si kawaida.

Tikisa gurudumu karibu na sikio. Husikii kimiminika? Dawa imekauka. Hudumu miezi miwili hadi sita, hukauka upesi zaidi kwenye joto. Tairi la 29 x 2.4 linataka mililita 80 hadi 120. Wanaoweka 40 kwa ajili ya kupunguza uzito huwa ndio haohao wanaosukuma baiskeli kwa mguu kurudi nyumbani.

Dawa ikiwepo, lete maji ya sabuni na brashi. Laza gurudumu, paka, subiri, tazama mapovu yanatokea wapi.

Yakitokea kwenye ncha ya valvu, kaza kiini. Chini ya nati ya valvu, kaza nati kwa vidole, si kwa koleo. Raba ya chini ikibanwa kupita kiasi hujikunja na kuvuja zaidi. Mapovu madogo mengi kwenye shavu ni tairi linalopumua: laza gurudumu upande huo nusu saa, kisha upande wa pili, halafu nenda ukaliendeshe.

Mapovu yanayotokea kwenye nipeli za spoki, zile nati ndogo zinazozishika kwenye rimu, ndiyo yanayopotosha wengi. Tundu haliko kwenye ile nipeli unayoiona. Upepo umepita chini ya tepu inayofunika matundu ya spoki mahali fulani, ukatembea ndani ya rimu, ukatokea pale palipo rahisi. Ukiona povu kwenye nipeli yoyote, tepu ndiyo mtuhumiwa. Usizibe nipeli.

Kuweka tepu upya kunahitaji subira kuliko ufundi. Tepu iwe pana kuliko rimu ya ndani kwa milimita 2 hadi 4, ili ipande kidogo kwenye kuta na ukingo wa tairi uikanyage. Tepu ya 25 kwenye rimu ya 30 itavuja leo au wiki ijayo. Safisha rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, acha ikauke. Anza mbali na tundu la valvu, vuta tepu kwa nguvu mpaka ijilaze kwenye bonde, pishanisha mwisho kwa sentimita 10. Pitisha kitambaa kikavu huku ukiminya. Kiputo chochote cha hewa chini ya tepu ni njia ya baadaye ya upepo. Tundu la valvu litoboe kwa kitu chenye ncha ya duara, dogo kuliko shina, kisha sukuma valvu ipite kwa nguvu. Wembe unaacha mpasuko, na mpasuko hutembea.

Povu likitoka kwenye maungio ya rimu yenyewe na tepu ni mpya, rimu ina kasoro. Weka tyubu, au rudisha ulikonunua.

Linacheua kwenye kona

Unasikia pwaa! fupi, unaona matone meupe ya dawa kwenye rimu, na ukipima umepoteza PSI tano. Ukingo wa tairi umefunguka kwa kufumba na kufumbua na kujifunga. Sababu kwa mpangilio wa mazoea: upepo mdogo, ukoko wa dawa kavu kwenye ukingo au kwenye rimu, tairi nene kwenye rimu nyembamba (ile balbu tena, inayoung'oa ukingo kama nyenzo), bonyeo kwenye ukuta wa rimu, tairi lililolegea kwa kuvuliwa na kuvishwa mara nyingi. Ongeza upepo kwanza. Kisha vua, kwangua ukoko wote kwa kucha au kijiti cha plastiki. Likicheua bado, na rimu ni ya ndani chini ya 23 ikiwa na tairi la 2.4, hapo nakubali: rimu pana ni jibu halali.

Tairi linasugua fremu au uma

Rimu ikiongezeka upana, tairi lilelile nalo hupanuka, kwa takriban asilimia 40 ya nyongeza. Ukitoka 25 kwenda 30, yaani milimita 5, tarajia tairi kunenepa kama milimita 2. Tairi jipya nalo hutanuka siku moja au mbili baada ya kujazwa, kwa hiyo pima baada ya hapo, si dakika uliyolivika. Acha angalau milimita 6 kila upande, na zaidi unapopita matope.

Lakini kabla ya kulaumu upana, fungua ekseli, kaza gurudumu upya huku baiskeli imesimama chini kwa uzito wake. Nusu ya "tairi kubwa mno" ni gurudumu lililokaa upande. Kisha lizungushe ukitazama pengo: likipungua na kuongezeka, rimu imepinda au ukingo haujapanda vizuri. Pengo dogo upande mmoja muda wote ni rimu iliyosukwa nje ya katikati, kazi ya fundi. Usiendeshe likisugua fremu ya kaboni. Tairi lenye mchanga hukwangua kama msasa.

Usijaribu nyumbani

Nyufa nyembamba kama unywele zinazoanzia kwenye matundu ya spoki: rimu hiyo imekwisha, na kukaza spoki kunaharakisha tu. Rimu ya breki za mpira ambayo ukuta wake umelika ukawa na shimo refu la kuzunguka, ukuta unaweza kupasuka ukiwa kasi. Tairi ambalo waya wa ukingo umeonekana au umepinda, au lililowahi kuruka lenyewe kutoka kwenye rimu, lisirudishwe. Spoki zaidi ya moja zilizokatika, usiendeshe hata hadi kwa fundi.

Na uvimbe: ukiona shavu limetokeza kama yai dogo, nyuzi za ndani zimekatika na mpira peke yake ndio unaoshikilia upepo. Toa upepo sasa hivi, kabla hata ya kulipakia tairi kwenye gari.